Kihurri Darasani: Namna ya Kujifunza Lugha Iliyokufa Bila Mrithi

Kihurri ni lugha iliyosemwa kaskazini mwa Mesopotamia, Syria na kusini-mashariki mwa Anatolia, kuanzia mwishoni mwa milenia ya tatu kabla ya Kristo (KK) hadi karibu na mwisho wa milenia ya pili. Leo haina msemaji hata mmoja, wala haikuacha lugha iliyotokana nayo. Hata hivyo imo katika masomo ya vyuo vikuu vichache vya Ulaya na Marekani, ambako wanafunzi wa kuhesabika huketi na mwalimu wao na kuisoma mstari kwa mstari. Uchambuzi huu unaeleza jinsi somo hilo linavyokwenda: ushahidi unatoka wapi, maana hupatikanaje pasipo mtu wa kuulizwa, sarufi imejengwaje, na elimu hiyo inakomea wapi. Baada ya hapo ndipo tutakapopima kama ni somo la kumshauri mtu alichukue.

Tuanze na wenye lugha. Maandishi ya kale kabisa ya Kihurri tunayoyajua yaliachwa na Tiš-atal, mtawala wa mji wa Urkesh, karibu na karne ya 21 KK. Ni maandishi mafupi kwenye jiwe, yanayosema kwamba alijenga hekalu, na jiwe lenyewe liliambatana na sanamu ndogo ya simba ambayo sasa iko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Mahali ulipokuwa mji huo ni Tell Mozan, kaskazini-mashariki mwa Syria, ambako Giorgio Buccellati na Marilyn Kelly-Buccellati walianza kuchimba mwaka 1984. Karne kadhaa baadaye, kati ya takriban mwaka 1500 na 1350 KK, Wahurri walikuwa raia wa dola kubwa iliyoitwa Mittani, iliyokuwa ikiandikiana barua na Misri kama mtu na mwenzake. Dola hiyo ilivunjwa na Wahiti kutoka magharibi na Waashuri kutoka mashariki. Mji wake mkuu, Washukanni, haujatambuliwa kwa yakini hadi leo, na nyaraka za ikulu yake hazijapatikana.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloamua sura ya somo zima. Kwa kuwa nyaraka za Mittani yenyewe hazipo, karibu kila kitu tunachokijua kuhusu Kihurri kimetoka ugenini: Misri, kwa Wahiti, katika bandari ya Ugarit kwenye pwani ya Syria, na katika miji mingine ya pembezoni. Mwanafunzi wa Kihurri husoma lugha kupitia watu wa lugha nyingine walioiandika, walioitafsiri au walioitumia katika ibada zao. Kwa sababu hiyo hawezi kuanza na Kihurri moja kwa moja.

Vyuo vikuu havina idara ya Kihurri. Somo hufundishwa ndani ya taaluma ya Ashuru na Babeli, au ndani ya taaluma ya Wahiti, na kwa kawaida hufunguliwa kwa mwanafunzi ambaye tayari amesoma Kiakadi, lugha ya Kisemiti iliyotumiwa Babeli na Ashuru. Sababu ni ya kimatendo: Kihurri kiliandikwa hasa kwa mwandiko uleule wa Kiakadi, na ambaye hajazizoea alama zake atatumia muhula mzima kutambua silabi kabla hajafika kwenye neno. Baada ya Kiakadi hufuata Kihiti, kwa kuwa sehemu kubwa ya matini za Kihurri ilichimbuliwa katika mji mkuu wa Wahiti.

Kuna na lugha za vitabu vyenyewe. Sarufi ya kwanza pana kwa Kiingereza, ya Ephraim Speiser, ilitoka mwaka 1941. Faharasa kuu ya maneno iliyokusanywa na Emmanuel Laroche, iliyotoka kama kitabu mwaka 1980, ni ya Kifaransa. Kitabu cha kufundishia kinachotumika sana, cha Ilse Wegner wa Berlin, kilichapishwa mwaka 2000 na tena mwaka 2007, nacho ni cha Kijerumani. Muhtasari muhimu wa sarufi wa Mauro Giorgieri, wa mwaka 2000, umeandikwa kwa Kiitaliano. Hesabu ni rahisi: lugha nne zilizo hai kwa ajili ya moja iliyokufa, mbali na Kiakadi na Kihiti.

Sasa tuingie kwenye mwandiko. Mwandiko wa kikabari ni mfumo wa alama zinazobonyezwa kwenye kibao cha udongo mbichi kwa ncha ya tete. Baadhi ya alama husimama badala ya silabi, kama vile ta, an au kum. Nyingine husimama badala ya neno zima. Nyingine tena hazisomwi kwa sauti kabisa. Kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba neno linalofuata ni jina la mungu, la nchi, la mwanamume au la mwanamke. Hizi za mwisho huitwa viashiria, na tutaona umuhimu wake hivi punde.

Mwandiko huo ulibuniwa Mesopotamia kwa lugha nyingine, kwa hiyo haukutosha sawasawa kwenye Kihurri. Kiakadi hakikuwa na haja ya kutenganisha irabu o na u, ilhali Kihurri kilikuwa nayo. Waandishi wa Mittani walitatua tatizo kwa njia ya kijanja: kulikuwa na alama mbili ambazo katika Kiakadi zote zilisomwa u, nao wakaitumia moja kwa o na nyingine kwa u. Waandishi wa mahali pengine hawakuufuata utaratibu huo kwa makini. Matokeo yake ni kwamba matamshi ya neno moja yanajulikana vizuri likiwa limetokea katika barua ya Mittani, na hayajulikani vizuri likiwa limetokea kwingine tu.

Kuhusu konsonanti, msaada ulitoka Ugarit, mji uliofukuliwa kuanzia mwaka 1929. Mbali na kikabari cha silabi, watu wa Ugarit walikuwa na alfabeti yao, na baadhi ya matini za Kihurri ziliandikwa kwa alfabeti hiyo. Alfabeti hutenganisha sauti ghuna, kama b, d na g, na sauti zisizo ghuna, kama p, t na k. Kwa kulinganisha maandishi hayo, wataalamu walibaini kanuni: katika Kihurri konsonanti ya namna hii haikuwa ghuna mwanzoni mwa neno, ila iligeuka kuwa ghuna katikati ya irabu mbili au baada ya l, m, n na r. Jina la mungu Kumarbi linaonyesha pande zote mbili, kwani lina k mwanzoni na b baada ya r. Basi mwanafunzi akikuta neno limeandikwa kwa alama inayoweza kusomwa ba au pa, ana kanuni ya kumwongoza.

Kujua kutamka, hata hivyo, si kujua maana, na hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwaka 1887, huko Tell el-Amarna nchini Misri, viligunduliwa vibao vya barua zilizopelekwa kwa Mafarao na watawala wa nchi nyingine. Miongoni mwake zilikuwamo barua za Tushratta, mfalme wa Mittani. Nyingi ziliandikwa kwa Kiakadi, lugha ya diplomasia ya zama hizo. Moja, ambayo sasa ipo Berlin, ina mistari inayokaribia 500. Salamu yake ya ufunguzi ni ya Kiakadi, kisha ghafla inaingia lugha ambayo hakuna aliyeweza kuielewa. Hiyo ndiyo iitwayo barua ya Mittani, na hadi leo ndiyo matini ndefu na safi kuliko zote za Kihurri.

Mwaka 1890 Peter Jensen, Rudolf Brünnow na Archibald Sayce walichapisha majaribio yao ya kuisoma. Hawakuwa na tafsiri ya barua hiyo. Walichokuwa nacho ni barua nyingine za mfalme huyohuyo, kwa Farao huyohuyo, kuhusu mambo yaleyale: ndoa ya binti wa Tushratta aitwaye Taduhepa, zawadi, dhahabu, na safari za wajumbe. Wajumbe wenyewe wametajwa kwa majina, Mane wa Misri na Keliya wa Mittani, na majina hayo yamo pia katika barua isiyoeleweka. Hoja ikawa hivi: mtu mmoja akimwandikia mwenzake mara kwa mara kuhusu shauri moja, atarudia maneno yaleyale, kwa hiyo barua za Kiakadi zaweza kutumika kana kwamba ni tafsiri ya mbali ya ile ya Kihurri.

Tufuate mfano mmoja hatua kwa hatua. Katika barua za Kiakadi, Tushratta humwita Farao "ndugu yangu" karibu kila anapovuta pumzi, kwa kuwa wafalme wa hadhi sawa waliitana ndugu. Katika barua ya Kihurri kuna neno linalojirudia kwa wingi uleule, šēniffe, lenye maumbo yanayobadilika mwishoni. Dhana ya kwanza ni kwamba šēniffe ni "ndugu yangu". Dhana hiyo ikipachikwa mahali pote neno lilipotokea, sentensi hazipingani nayo. Hatua ya pili ni kuligawa neno: šēna ni "ndugu" na -iffe ni "yangu". Hatua ya tatu ni kutafuta -iffe kwenye nomino nyingine, na inapatikana. Kwa njia hii dhana moja huzaa nyingine, na kila mpya huijaribu ile iliyotangulia.

Viashiria navyo vilitoa ushahidi wa aina nyingine. Neno ōmīni katika barua hiyo hutanguliwa na alama ambayo msomaji yeyote wa Kiakadi anaijua kuwa ni ya nchi. Hapakuhitajika kubahatisha: mwandishi mwenyewe, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, ametuambia kwamba ōmīni ni "nchi". Mwanafunzi hufundishwa mapema kutofautisha aina hizi mbili za ujuzi. Maana ya ōmīni imeonyeshwa na mwandishi. Maana ya šēna ilijengwa kwa hoja, ingawa baadaye ilithibitishwa na vyanzo vingine. Maneno mengine katika faharasa yamesimama juu ya hoja dhaifu kuliko hizo, na mengine yamebaki na alama ya kuuliza.

Tukishapata maneno, sarufi yafuata. Kihurri ni lugha ambishi bainishi, yaani lugha inayojenga neno kwa kuunganisha mofimu nyingi ambazo kila moja hubaki na umbo na maana yake. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana hapa, kwa kuwa lugha yake mwenyewe hufanya hivyo katika vitenzi. Tofauti ni upande. Katika "nilifanya" tunaanza na mtenda ni-, tunafuatisha wakati -li-, tunamalizia na mzizi. Katika Kihurri mzizi hutangulia: tan-ōž-av, ambapo tan- ni "fanya", -ōž- ni wakati uliopita, na -av ni "mimi". Badili -av iwe -a, upate tanōža, "alifanya". Wakati ujao huonyeshwa kwa -ēd- mahali pa -ōž-, na wakati uliopo huonyeshwa kwa kutoongeza chochote. Kihurri hakina viambishi awali. Kila kinachoongezwa huongezwa nyuma.

Nomino za Kihurri zina kitu ambacho Kiswahili hakina, nacho ni uhusika. Uhusika ni umbo linalovaliwa na nomino kuonyesha kazi yake katika sentensi. Tazama sentensi mbili za Kiswahili: "Juma amelala" na "Juma amevunja chungu". Kwetu sisi Juma ni kiima katika zote mbili, na anatendewa sawasawa. Kihurri kinazigawa sentensi hizi kwa namna nyingine. Juma aliyelala na chungu kilichovunjwa huachwa bila kiambishi, ilhali Juma aliyevunja, kwa sababu amekitenda kitu kingine, huongezewa -š. Mfumo wa namna hii huitwa ergativu. Kwa hiyo katika barua ya Mittani, "ndugu yangu" anayekuja au anayependwa ni šēniffe, na "ndugu yangu" anayetuma au anayetoa ni šēniffuš.

Sifa nyingine iliyowavutia wanaisimu inahusu umilikishi. Katika Kiswahili, kihusishi -a cha umilikishi hupatana na kinachomilikiwa: kitabu cha mwalimu, vitabu vya mwalimu, nyumba ya mwalimu. Kihurri nacho hupatanisha, ila hupatanisha uhusika na idadi badala ya ngeli. "Ya ndugu yangu" ni šēniffuve, ambapo -ve ndiyo ya umilikishi. Sasa tukitaka kusema "ya nchi ya ndugu yangu", neno la nchi litapokea -ve yake, na neno la ndugu, ambalo tayari lina -ve, litapokea -ve ya pili ili kuonyesha kwamba linaandamana na nchi: šēniffuvenēve ōmīnīve. Silabi -nē- iliyo katikati hubeba kiambishi kile cha pili. Wanasarufi huiita sifa hii kwa jina la Kijerumani, Suffixaufnahme, maana yake kupokea viambishi tamati. Mtu akiisoma mara ya kwanza huona -ve mbili na kudhani mwandishi amekosea. Akishaielewa, huitumia kama kamba ya kufuatia ni neno gani linamilikiwa na lipi katika sentensi ndefu.

Hadi miaka ya 1980, ujuzi huu wote ulitegemea zaidi barua moja. Hali ilibadilika katika magofu ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, karibu na kijiji cha Boğazköy nchini Uturuki. Uchimbaji ulikuwa umeanza huko mwaka 1906, na matini nyingi za ibada zilikuwa zimepatikana, ambamo mwandishi wa Kihiti hueleza tendo la kuhani kisha husema kwamba kuhani hutamka "hurlili", yaani kwa Kihurri, na kuandika maneno hayo bila kuyatafsiri. Lakini mwaka 1983, wachimbaji wakiongozwa na Peter Neve walifukua vibao vya aina tofauti: safu ya kushoto Kihurri, safu ya kulia tafsiri yake ya Kihiti. Kwa mara ya kwanza ikapatikana matini ndefu ya lugha mbili. Erich Neu aliichapisha kwa ukamilifu mwaka 1996.

Matini hiyo huitwa Wimbo wa Kuachiliwa Huru. Ndani yake mungu wa tufani, Teššub, anadai kwamba mji wa Ebla uwaachilie mateka. Pia umo mfululizo wa mifano ya hekima. Mmoja unahusu kulungu aliyefukuzwa na mlima alikokuwa akila. Akahamia mlima mwingine, akanenepa, kisha akaanza kuulaani ule wa kwanza. Mlima nao ukamrudishia laana. Msimulizi anamalizia kwa kufafanua kwamba huyo hakuwa kulungu, alikuwa mtu aliyeukimbia mji wake na kuanza kuutakia mabaya. Kwa mwanafunzi, kipande kama hiki ni hazina, kwa kuwa kila kitenzi cha Kihurri kina mwenzake wa Kihiti upande wa pili wa mstari.

Hata hazina hiyo ina masharti yake. Kwanza, mfasiri wa Kihiti hakutafsiri neno kwa neno kila mahali. Palipomwelemea alieleza kwa njia yake. Pili, Kihurri cha wimbo huo ni cha kale kuliko cha barua ya Mittani, na vitenzi vyake vimeundwa tofauti. Kanuni iliyopatikana katika kimoja haihamishiwi katika kingine bila kuthibitishwa. Kwa hiyo wimbo haukuimaliza kazi iliyoanzishwa na barua. Uliwalazimisha wataalamu kutenganisha vipindi na lahaja, jambo ambalo sarufi za mwanzo hazikuwa na uwezo wa kulifanya.

Mipaka ya ujuzi inaonekana wazi zaidi katika mfano wa tatu, wimbo wa kumsifu mungu wa kike Nikkal uliopatikana Ugarit miaka ya 1950. Kibao chake, cha takriban mwaka 1400 KK, kina maneno ya Kihurri upande wa juu na maelekezo ya muziki upande wa chini, na mara nyingi hutajwa kuwa ndio wimbo wa kale zaidi duniani uliobaki pamoja na alama za muziki karibu kamili. Maelekezo yenyewe yanatumia istilahi za Kiakadi zilizojulikana kutoka vibao vingine, kwa hiyo Anne Kilmer na watafiti wengine waliweza kupendekeza jinsi ulivyopigwa, ingawa mapendekezo yao yanatofautiana sana. Lakini maneno ya wimbo, ambayo mtu angedhani ndiyo rahisi, bado hayajafasiriwa kwa kuridhisha. Sarufi inatosha kutambua viambishi. Msamiati hautoshi kutambua mizizi.

Je, lugha za jirani haziwezi kuziba pengo? Ndugu pekee wa Kihurri aliyethibitishwa ni Kiurartu, lugha ya ufalme uliokuwa kando ya Ziwa Van, mashariki mwa Uturuki ya leo, kati ya karne ya tisa na ya sita KK. Nacho kimekufa, na kinajulikana zaidi kwa maandishi ya kujisifu ya wafalme. Mwaka 1986 Igor Diakonoff na Sergei Starostin walidai kwamba lugha hizi mbili zina uhusiano na lugha za kaskazini-mashariki mwa Kaukasia, ambazo zingali zinasemwa. Dai hilo halijakubaliwa na wengi, kwa sababu ulinganisho ulifanywa kwa maneno machache na mengine maana yake yenyewe ina shaka. Hapa mwanafunzi hukutana na kanuni muhimu ya isimu linganishi: huwezi kulithibitisha neno usilolijua kwa kulilinganisha na neno la lugha nyingine, kisha ukautumia ulinganisho huohuo kuthibitisha undugu wa lugha hizo.

Tukifika hapa ni haki kuuliza faida. Ya kwanza ni ya historia. Dini ya Wahiti katika karne ya 13 KK ilikuwa imejaa miungu na ibada za Wahurri. Malkia Puduhepa, mke wa Hattusili wa Tatu, alitoka Kizzuwatna, eneo la kusini mwa Anatolia lenye desturi za Kihurri, na aliamuru mkuu wa waandishi atafute vibao vya kwao na kuvinakili. Asiyejua Kihurri huzisoma ibada hizo akiruka maneno ambayo makuhani wenyewe waliyaona kuwa ndiyo yenye nguvu. Faida ya pili inavuka hadi Ugiriki. Masimulizi ya Kumarbi, ambayo yametufikia hasa kwa Kihiti, yanaeleza jinsi Kumarbi alivyompindua Anu, mungu wa mbingu, na jinsi Teššub alivyokuja kuchukua nafasi ya Kumarbi. Mshairi Mgiriki Hesiod anasimulia mfululizo unaofanana mno wa Ouranos, Kronos na Zeus. Njia iliyopitiwa na simulizi hizo haiwezi kuchunguzwa bila kuwajua Wahurri.

Faida ya tatu ni ya isimu. Ergativu na upatanisho wa umilikishi wa aina tuliyoieleza ni sifa ambazo wanaisimu huzifuatilia duniani kote, na Kihurri ni miongoni mwa mashahidi wa kale zaidi wa sifa hizo. Tena ushahidi bado unaongezeka. Uchimbaji wa Ortaköy nchini Uturuki, ulioanza mwaka 1990, umetoa matini nyingi za Kihurri, na vibao vilivyopatikana Qatna nchini Syria mwaka 2002 vilikuwa vya Kiakadi kilichochanganywa na maneno ya Kihurri. Katika taaluma hii kibao kimoja kipya chaweza kubadilisha ukurasa mzima wa sarufi, jambo ambalo haliwezekani tena kwa Kilatini.

Dhidi ya faida hizo kuna gharama. Miaka ya maandalizi ni mingi. Nafasi za kazi za kudumu ni chache hata katika nchi zinazofundisha somo hili. Mwalimu mmoja akistaafu, somo laweza kutoweka katika chuo chake, kwa kuwa hakuna idara ya kulilinda. Sehemu kubwa ya siku za mtafiti hupita katika vipande vilivyovunjika, ambavyo mstari wake una mwanzo bila mwisho au mwisho bila mwanzo. Mtu anayependa majibu kamili atachoka mapema.

Tukiweka pande zote mbili kwenye mizani, hukumu yaweza kutolewa kwa sehemu mbili. Kama shahada ya kusimama peke yake, Kihurri hakifai, na vyuo vimefanya vyema kutoijaribu njia hiyo. Nje ya Kiakadi na Kihiti hakina miguu. Kama somo la ndani ya taaluma hizo, hakifai kuachwa. Hakuna lugha nyingi zinazomlazimisha mwanafunzi, kwa kila neno analolisoma, kutaja amelijua kwa njia gani: kwa kuonyeshwa na mwandishi, kwa tafsiri, kwa kulinganisha barua mbili, au kwa kukisia. Nidhamu hiyo humfaa hata atakapoondoka kwenye vibao vya udongo na kwenda kufanya kazi nyingine ya kupima ushahidi.

Kwa hiyo msomaji anayevutiwa na somo hili aanze na Kiakadi, ajipatie Kijerumani cha kusomea, kisha amtafute mwalimu kabla ya kulitafuta jina la chuo. Na kama ni msemaji wa Kiswahili aliyezoea kuvichambua vitenzi vyake mwenyewe mofimu baada ya mofimu, asiiogope sarufi ya Kihurri. Sehemu ambayo wengi huiona ngumu, yeye anaifanya kila siku anapofungua kinywa.